Jinsi ya kuifufua kompyuta ya zamani ihariri video kwa bajeti ndogo

Kompyuta ikianza kukwama kwenye taimulaini, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kununua kadi ya michoro. Mara nyingi ushauri huo unakula pesa na video inaendelea kukwama vilevile. Kuhariri video ni kazi ya sehemu nne: diski inasoma faili, prosesa au kadi inaifungua kodeki (namna video ilivyobanwa ndani ya faili), RAM inashikilia fremu zilizokwisha kufunguliwa, na kadi inafanya rangi na madoido. Sehemu moja ikilemewa, nyingine tatu zinakaa zikiisubiri. Pesa yako iende kwa iliyolemewa, na huwezi kuijua mpaka upime.

Nimepanga hatua kwa kuanzia zile zisizohitaji hela. Fuata mpangilio huo hata kama tayari una kifaa fulani unachokitamani, kwa sababu wengi hupata nafuu ya kutosha kabla hawajafika kwenye kadi.

Jua ulichonacho

Pakua CPU-Z, programu ndogo ya bure, kisha andika mahali: jina kamili la prosesa, modeli ya madabodi, aina ya RAM na idadi ya vipande vilivyomo. Fungua ubavu wa kompyuta usome kibandiko cha pawa saplai ujue ina wati ngapi. Angalia pia kama ina waya wa ziada wa kadi ya michoro, wenye pini 6 au 8.

Kwa prosesa za Intel, namba inayofuata kistari ndiyo kizazi. i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-8400 ni cha 8. Hili lina uzito kwenye video. Intel ilianza kuweka kifungua video ndani ya prosesa, kiitwacho Quick Sync, mwaka 2011, lakini uwezo wa kufungua H.265, kodeki ya kubana video inayotumiwa na simu nyingi, ya biti 8 (biti zinaeleza wingi wa rangi) ulikuja na kizazi cha 6, na ule wa biti 10 ukaja na kizazi cha 7. Kama una kizazi cha 4 na simu yako inarekodi H.265, prosesa inafanya kazi hiyo kwa misuli mitupu, na ndiyo maana inahema.

Zijue na klipu zako. MediaInfo, nayo ya bure, itakuambia kodeki, biti 8 au 10, na kama kasi ya fremu ni thabiti au inabadilikabadilika. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilika, na hapo ndipo sauti huanza kuachana na midomo kadiri video inavyosonga. Klipu za namna hiyo zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua Constant Framerate, ndipo uziingize kwenye mradi.

Pima kabla ya kununua chochote

Fungua programu yako ya kuhariri, weka klipu nzito kuliko zote kwenye taimulaini bila madoido yoyote. Fungua Task Manager pembeni, nenda Performance, kisha cheza klipu kwa dakika mbili huku macho yako yakiwa kwenye zile grafu.

Prosesa ikigonga asilimia 100 na diski imetulia, tatizo ni kufungua kodeki. Diski ikigonga 100 huku prosesa ikiwa kwenye 30, tatizo ni diski. RAM ikijaa karibu yote na diski nayo ikaanza kuchapa kazi hata pale uliposimamisha video, kompyuta inatumia diski kuziba pengo la RAM, na dawa yake ni RAM. Bonyeza pia kwenye GPU, yaani kadi ya michoro, utazame grafu ya Video Decode. Ikiwa sifuri wakati klipu inacheza, kadi haisaidii kufungua chochote. Pengine ni mpangilio tu ndani ya programu ambao haujawashwa, au draiva ya zamani. Sasisha draiva, washa kufungua kwa kadi kwenye mipangilio, rudia.

Kuna hali ya tano inayosahaulika. Video inacheza vizuri dakika chache za mwanzo, halafu inaanza kuchechemea. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, uangalie joto na kasi ya prosesa kwa pamoja. Joto likikaribia nyuzi 100 na kasi ikashuka, tuseme kutoka gigahezi 3.4 hadi chini ya 2, prosesa inajipunguza yenyewe isiungue. Hapo hata ukinunua RAM ya gigabaiti 64 hutaona tofauti.

Malizia kipimo kwa kutoa video ya dakika moja kutoka kwenye mradi halisi, na uandike ilichukua muda gani. Namba hiyo ihifadhi. Baada ya kila hatua utaitoa video ileile tena, kwa mipangilio ileile, na hutahitaji kukisia kama umesaidika.

Hatua ya kwanza: proksi, ambazo ni bure

Ningeruhusiwa kumfundisha mtu mwenye kompyuta ya zamani jambo moja tu, ningechagua hili.

H.264 na H.265, kodeki za video nyingi za simu na kamera, zimebuniwa ili faili iwe ndogo, hazikubuniwa kwa ajili ya kuhariri. Ndani ya faili, fremu chache tu ndizo zimehifadhiwa nzima. Zilizobaki zinaeleza tu kilichobadilika kutoka fremu za jirani. Ukitaka kuiona fremu ya 200, kompyuta inarudi hadi fremu nzima iliyo karibu nyuma yake, kisha inajenga moja baada ya nyingine mpaka ifike. Kucheza mbele kunavumilika. Lakini mhariri hachezi mbele tu: anarudi nyuma, anaruka, anasogeza kidogo kutafuta pale mtu alipofumba jicho. Kila mruko ni ujenzi mpya, na unalemea hata prosesa ya juzi.

Proksi ni nakala nyepesi ya klipu, iliyotengenezwa kwa kodeki ambayo kila fremu inajitegemea, kama ProRes Proxy au DNxHR LB. Unahariri kwa nakala, na wakati wa kutoa video programu inarudi kwenye faili halisi. DaVinci Resolve, Premiere Pro, Kdenlive na Shotcut zote zina uwezo huu. Resolve ni Generate Proxy Media kwa kubofya kulia juu ya klipu. Premiere ni Create Proxies chini ya menyu ya Proxy. Kdenlive na Shotcut unawasha kwenye mipangilio.

Kwa mashine dhaifu, proksi za 1280×720 zinatosha kabisa kukata na kupanga. Ukitaka 1080p, hesabu nafasi mapema: ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 30 hutumia takriban megabiti 45 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 20 kwa kila saa ya video. Kutengeneza proksi kunachukua muda, kwa hiyo zianzishe usiku ukienda kulala. Usizitumie kusawazisha rangi wala kukagua kama picha iko kwenye fokasi. Kwa kazi hizo rudi kwenye faili halisi kwa muda. Na kabla ya kutoa video ya mwisho, hakikisha mipangilio haijachagua proksi, la sivyo utamkabidhi mteja picha yenye ukungu.

Hatua ya pili: vumbi na joto

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu chochote ndani, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi lolote. Toa vumbi kwa brashi laini na hewa ya kopo. Unapopuliza feni, ishikilie kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi ya hewa inaweza kuharibika.

Mashine ya miaka mingi ambayo haijawahi kufunguliwa, pasta iliyo kati ya prosesa na kipoza joto huwa imekauka. Kiondoe kipoza joto kwa kukizungusha polepole huku na huku, usikivute juu kwa nguvu, maana kwenye baadhi ya mashine prosesa hung'oka nacho. Futa pasta ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone dogo la mpya katikati, rudisha kipoza joto na ukaze skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo kila upande. Kisha rudia kile kipimo cha HWiNFO.

Hatua ya tatu: SSD

Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde ikisoma faili moja kwa mfululizo. Ukiwa na klipu tatu kwenye taimulaini, muziki, na kashe (faili za muda za programu), kichwa chake kinakimbia huku na huku na kasi hiyo inaporomoka. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya SATA (mlango wa kawaida wa kuunganisha diski) hufika karibu megabaiti 550 kwa sekunde na haina kichwa cha kukimbizwa. Ni badiliko litakalogusa kila kitu, kuanzia kuwaka kwa kompyuta hadi kufunguka kwa mradi.

Je, ununue NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, yenye kasi mara sita ya hiyo? Kwa mashine ya zamani, sioni sababu. Klipu ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde; SATA inaibeba na nafasi inabaki. Tena NVMe ina mitego. Sloti ya M.2, inapochomekwa SSD nyembamba, kwenye baadhi ya madabodi inapokea SATA pekee ingawa umbo ni lilelile, na BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) nyingi za zamani haziwezi kuwasha mfumo kutoka NVMe. Soma mwongozo wa madabodi yako kabla ya kulipa.

Gigabaiti 500 ndiyo saizi ninayoishauri kuanzia: mfumo, programu, proksi na kashe ya mradi unaoendelea. Ile diski ya zamani ibaki kwa faili halisi na miradi iliyokwisha, kama afya yake bado nzuri. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, itakuambia; ikionyesha onyo, nakili kila kitu leo kabla ya kuendelea na lolote. SSD za bei ya chini kabisa, hasa zinazotumia chipu za QLC (zinazobana data nyingi kwenye kila seli), huwa na kasi mpaka sehemu yao ya akiba ijae, kisha kasi ya kuandika inaanguka hata chini ya ile ya diski ya kuzunguka. Kwa mtu wa proksi, anayeandika makumi ya gigabaiti kwa mkupuo, ongeza kidogo upate ya TLC, isiyobana sana.

Kufunga ni rahisi. Iunganishe kwenye mlango wa SATA wa gigabiti 6. Madabodi nyingine zina milango ya 6 na ya 3 kwa pamoja, na ya 3 itakupa nusu ya kasi. Ingia BIOS uthibitishe modi ya SATA ni AHCI kabla ya kusakinisha mfumo. Napendelea kusakinisha upya kuliko kunakili mfumo wenye takataka za miaka, ila ukitaka kunakili, Clonezilla inafanya vizuri, mradi diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kwenye laptopu, tafuta SSD ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Kama laptopu ina nafasi ya DVD, kuna fremu za kuweka diski ya pili humo. Pima kwanza kama nafasi ni ya milimita 9.5 au 12.7.

Hatua ya nne: RAM

Gigabaiti 16 ndilo lengo. Kwa 8 utahariri 1080p kwa kubanabana, ukifunga kivinjari na kila kitu kingine. 32 ni kwa wanaofanya 4K yenye madoido mazito, kama kazi za Fusion, sehemu ya madoido ndani ya Resolve.

DDR3 na DDR4 haziingiliani, hata pengo lililo kwenye makali yake liko sehemu tofauti, kwa hiyo usilazimishe. Kwenye laptopu za DDR3 kuna nyongeza: baadhi zinakubali DDR3L ya volti 1.35 pekee. Laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye madabodi, na hapo hakuna la kufanya.

Vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu vinafanya kazi kwa njia mbili sambamba. Tofauti inaonekana zaidi kama huna kadi ya pembeni, maana michoro ya ndani ya prosesa inaazima RAM hiyohiyo. Kwenye madabodi ya sloti nne, kwa kawaida unatumia ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Legeza kibano, linganisha pengo, kisha sukuma ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie vibano vikijifunga. Inataka nguvu kuliko unavyodhani, na RAM iliyoingia nusu ndiyo sababu ya kawaida ya skrini kubaki nyeusi baada ya kuwasha.

Jihadhari na RAM za seva, zinazouzwa kwa mitumba kwa bei ya kuvutia sana. Ukiona neno Registered au RDIMM, achana nayo. Kompyuta ya kawaida haitawaka nayo. Ukishafunga, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. RAM mbovu haizimi kompyuta tu, inaharibu faili kimyakimya.

Hatua ya tano: kadi ya michoro, kama kipimo kinaidai

Resolve inaegemea kadi kuliko wenzake. Kdenlive na Shotcut zinategemea zaidi prosesa, kwa hiyo mtumiaji wa hizo anaweza kuiruka hatua hii.

Kikwazo kwenye kompyuta za zamani za ofisini ni umeme. Nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hivi, isiyo na waya wa ziada, na yenye umbo la kampuni husika, hivyo huwezi kuibadilisha kirahisi. Sloti ya kadi inatoa wati 75, basi tafuta kadi inayotosheka na hizo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, zote za gigabaiti 4, zimo kwenye kundi hilo, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la waya, kwa hiyo angalia picha ya ubavu wake. Kasha likiwa jembamba, unahitaji toleo fupi, low profile, lenye bamba lake fupi.

Zipo za kuepuka. GT 710 na GT 730 hazitakuongezea chochote cha maana. GT 1030 inafungua video lakini haina kabisa sehemu ya kutoa video, yaani NVENC. Kadi za Intel Arc ni nzuri kwa video, tena zinatoa AV1, kodeki mpya zaidi, ila zinategemea Resizable BAR, mpangilio wa madabodi unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi, na madabodi nyingi za zamani hazina. Bila hiyo zinadorora sana. Na kama kamera yako inarekodi biti 10 za 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), fahamu kwamba kadi za zamani za NVIDIA haziifungui. Utarudi kwenye proksi tu.

Kadi ya mitumba ijaribu ikifanya kazi nzito kwa nusu saa mbele yako. Tazama vidoa au mistari kwenye skrini, sikiliza feni, na fungua GPU-Z, kwa sababu kadi za bandia zilizobandikwa jina la kadi kubwa zipo, na programu hiyo hutambua nyingi. Ukilazimika kubadilisha pawa saplai, hapo usibane matumizi. Mbovu ikiungua inaweza kuondoka na vyote ulivyonunua.

Prosesa, na mahali pa kusimama

Kubadilisha prosesa kuna faida pale tu soketi, tundu inamokaa prosesa, inapokuruhusu kupata nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) nyingi zaidi. Mwenye i5-3470, yenye kiini 4 na nyuzi 4, anaweza kuweka i7-3770 yenye nyuzi 8 kwenye soketi ileile. Kizazi cha 6 na 7 hakibadilishani na cha 8 na 9, ingawa vyote vinaitwa LGA1151. Mwenye bahati ni wa AM4, soketi ya prosesa za Ryzen za AMD: madabodi nyingi zilizotoka na Ryzen za mwaka 2017 zinapokea hadi Ryzen za mfululizo wa 5000 baada ya kusasisha BIOS. Tazama orodha ya mtengenezaji wa madabodi, sasisha BIOS kabla ya kuitoa prosesa ya zamani, na usifanye hivyo siku ambayo umeme unakatikakatika.

Suala la mfumo nalo liingie kwenye hesabu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Chini ya hapo, Linux ni njia ya heshima kabisa: Kdenlive na Shotcut zinafanya kazi huko. Ila toleo la bure la DaVinci Resolve kwenye Linux limekuwa kwa muda mrefu halifungui H.264 wala H.265, hivyo jaribu klipu zako kabla ya kuhama.

Sasa gawa orodha yako ya manunuzi mafungu mawili. SSD na kadi ya michoro utahama navyo hadi kompyuta ijayo. RAM ya DDR3 na prosesa ya soketi iliyopitwa vitabaki kwenye mashine hii mpaka ife. Fungu la kwanza linunue bila hofu. La pili, jumlisha gharama yake, kisha uliza bei ya kompyuta ya ofisini ya mitumba ya kizazi cha 8 au zaidi. Fungu la pili likifika nusu ya bei hiyo, usilinunue: weka SSD, hariri kwa proksi, na pesa iliyobaki iwe akiba ya hiyo mashine nyingine.